Sura ya marehemu kwenye bango: ruhusa iko kwa nani?

Barua nyingi za toleo hili zinazunguka jambo moja: mwanamuziki, mchezaji au kiongozi akishafariki, nani anaweza kuiweka sura yake au sauti yake kwenye tangazo la biashara? Tumechagua sita. Majina ya waandishi tumeyaacha, tumebakiza mji na shughuli.

SWALI: Nina kiwanda kidogo cha mafuta ya nywele. Nataka kuweka kwenye kopo picha ya mwanamuziki wa dansi aliyefariki zaidi ya miaka 40 iliyopita. Picha nimeipata mtandaoni. Kwenye redio nitatumia sekunde 20 za wimbo wake. Naambiwa mtu akishakaa kaburini muda wote huo, vitu vyake ni vya kila mtu. Ni kweli? (Mjasiriamali, Morogoro)

JIBU: Si kweli, ndugu, na heri umeuliza kabla ya kuchapisha stika. Tangazo lako limebeba vitu vinne na kila kimoja kina mwenyewe. Picha ni ya aliyeipiga, au gazeti lililomwajiri. Wimbo, yaani mashairi na muziki wake, ni wa mtunzi na baadaye warithi wake. Rekodi ya wimbo ni ya aliyegharamia kurekodi, mara nyingi redio au kampuni ya sahani za santuri. Jina na sura ndivyo vya marehemu mwenyewe. Wengi huteleza hapo: wakishamlipa mpiga picha, wanadhani wamemaliza.

Anza na hesabu ya miaka. Tanzania Bara na Kenya, hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na Kenya huanza kuhesabu mwisho wa mwaka aliofariki. Mbaraka Mwinshehe, mtu wa Morogoro kama wewe, alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa. Kwa hesabu hiyo, nyimbo alizotunga zina wenyewe mpaka mwisho wa 2029. Siti binti Saad alifariki 1950, kwa hiyo miaka 50 yake ilitimia mwaka 2000. Lakini hesabu hii ni ya utunzi tu, na ni ya aliyetunga, siyo aliyeimba. Bendi za zamani zilikuwa na watunzi watatu au wanne ndani ya kundi moja, na wimbo unaoujua kwa sauti ya marehemu huenda ulitungwa na mpiga gitaa ambaye bado yu hai. Ulizia ofisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara, au COSOZA kwa kazi za Zanzibar, au KECOBO kwa za Kenya, ukitaja jina la wimbo, bendi na mwaka. Ukipeleka jina la mwimbaji pekee hutapata jibu la kuaminika.

Sekunde 20 hazikuokoi. Ile habari inayozunguka mitaani kwamba sekunde kadhaa za wimbo ni bure haimo kwenye sheria ya Tanzania wala ya Kenya, na tangazo la biashara ndilo la mwisho kuvumiliwa. Ukirekodi wimbo upya na vijana wa studio unajiepusha na mwenye rekodi, ila mtunzi bado unadaiwa naye.

Kuhusu sura, Kenya na Tanzania hazina sheria iliyoandikwa mahususi kwa sura ya marehemu, tofauti na Marekani ambako majimbo kadhaa yana hesabu zao: California miaka 70 baada ya kifo, Indiana 100, New York 40 kwa waliofariki baada ya sheria yao kuanza mwaka 2021. Hata huko hesabu huwageuka watu. Waliokuwa wakisimamia jina la Marilyn Monroe, mwigizaji wa filamu aliyefariki 1962, walishindwa mahakamani mwaka 2012 kwa sababu ilionekana makazi yake rasmi yalikuwa New York, jimbo ambalo wakati huo haki hiyo ilikufa na mwenyewe.

Usichukulie pengo hilo kuwa ruhusa. Sheria ya Kenya ya kumlinda mlaji ya 2012 na Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 zinakataza kumfanya mnunuzi aamini kwamba bidhaa ina idhini au udhamini ambao haina. Kopo lenye uso wa mwanamuziki linasema hivyo hivyo hata kama hukuandika neno: mama anayelinunua sokoni atadhani familia ya marehemu wamo ndani ya biashara. Tazama pia waliomo pembeni ya picha. Kama yupo mpiga tumba aliye hai, huyo ana haki zake chini ya sheria za taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022. Mtafute au mkate kwenye picha.

Mpangilio wa kazi ni huu: mtafute msimamizi wa mirathi kwanza, umwonyeshe kopo lenyewe likiwa mchoro, mkubaliane kwa maandishi, kisha ndipo umwendee mpiga picha na mwenye wimbo. Ukianza na mpiga picha na familia ikakataa, umelipia picha usiyoweza kuitumia.

SWALI: Kampuni ikishapata saini ya familia na kulipa, kuna kosa gani tena? Naona watu wanalalamika tu mitandaoni. (Mwanafunzi wa masoko, Nairobi)

JIBU: Saini ya familia inajibu swali moja, fedha zimwendee nani. Haijibu kama mwenyewe angekubali. Wakala wengi wa matangazo huyachanganya maswali haya mawili, na ndiyo maana tangazo linaweza kuwa halali kila ukurasa wa mkataba na bado likaonekana aibu siku ya kwanza hewani.

Chukua tangazo la magari ya Ram lililorushwa Marekani tarehe 4 Februari 2018, wakati wa fainali ya mpira wao, muda wa matangazo ulio ghali kuliko mwingine wowote wa mwaka. Picha zilionyesha watu wakisaidiana, askari, wakulima, na magari ya mizigo, na juu yake ikasikika sauti ya Martin Luther King akihimiza kuwatumikia wengine. Sauti ilikuwa yake kweli. Ilitoka kwenye hotuba aliyoitoa kanisani Ebenezer, Atlanta, tarehe 4 Februari 1968, miaka 50 kamili kabla ya tangazo na miezi miwili kabla ya kuuawa. Kampuni inayosimamia hakimiliki za marehemu ilitoa ruhusa. Kituo cha King kinachoongozwa na binti yake Bernice kikatangaza hadharani kwamba si chenyewe kilichoidhinisha.

Sasa isikilize hotuba nzima. Ndani yake King anawaonya waumini juu ya wafanya matangazo wanaowashawishi watu kununua, na juu ya watu wanaonunua magari yanayozidi kipato chao ili waonekane. Tangazo lilichukua sehemu ya utumishi, likaiacha sehemu ya magari. Hakuna neno lililobuniwa, hakuna sauti iliyoghushiwa, ruhusa ipo, tarehe imechaguliwa kwa adabu. Kosa lilikuwa kwenye mkasi. Mtu aliyekemea jambo alifanywa kulipigia debe jambo hilo hilo, tena kwa sauti yake mwenyewe, na hana tena mdomo wa kujibu.

Mfano wa pili ni wa Brazil, na una utata zaidi. Julai 2023 Volkswagen iliadhimisha miaka 70 nchini humo kwa tangazo la mwimbaji Elis Regina, aliyefariki 1982 akiwa na miaka 36. Anaonekana akiendesha Kombi ya zamani huku binti yake Maria Rita, aliyekuwa na miaka 4 mama alipofariki, akiendesha gari jipya la umeme kando yake, wote wakiimba wimbo mmoja. Mwili uliokuwa nyuma ya usukani ni wa mwigizaji. Uso wa Elis ulipachikwa juu yake kwa akili unde (AI). Watu wengi walitokwa na machozi, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Wengine wakakumbusha kwamba Elis aliimba na kusema dhidi ya utawala wa kijeshi, na kwamba mwaka 2020 kampuni hiyo hiyo ilikubali kulipa reali milioni 36 kwa sababu ya ushirikiano wake na utawala ule. Wimbo wenyewe ulikuwa wa huzuni ya vijana waliojikuta wakiishi kama wazazi wao, hapa ukawa wa kushangilia gari. Baraza la matangazo la huko lilipokea malalamiko, likachunguza, na Agosti likalifunga shauri: warithi waliridhia, na Elis alionyeshwa akifanya alichokifanya maishani, yaani kuimba.

Kigezo hicho cha baraza, je, marehemu anafanya alichokuwa akifanya, ni kizuri kuanzia, ila kwa maoni yetu hakitoshi. Kuimba aliimba, lakini kwa nani? Binti kuimba na mama asiyemkumbuka vizuri ni jambo linalotugusa sana na hatuwezi kumlaumu. Lakini ilipaswa kuulizwa, kabla ya kamera kuwashwa, kama mama angelipanda gari la kampuni ile.

Wapo na waliokosea kwa uvivu tu. Bruce Lee, nyota wa filamu za mapigano aliyefariki 1973 na anayekumbukwa kama mtu asiyekaribia pombe, alitengenezwa upya kwa kompyuta mwaka 2013 kutangaza wiski huko China, tena akizungumza Kimandarini wakati yeye alikulia Hong Kong akizungumza Kikantoni. Binti yake alishirikishwa. Fred Astaire, mcheza dansi, mwaka 1997 alionyeshwa akicheza na mashine ya kufyonza vumbi mahali pa vitu alivyocheza navyo kwenye filamu. Mjane aliridhia, binti akalalamika hadharani. Hapo unaona na neno "familia" lenyewe halina maana moja.

Kwa kazi yako ya masoko, kabla ya kumpigia simu mrithi yeyote fungua faili la ushahidi wa marehemu. Weka humo mahojiano yake marefu yasiyopungua matatu, matangazo aliyowahi kufanya akiwa hai, na yale aliyoyakataa. Tafuta kama aliwahi kusema neno juu ya bidhaa ya aina hiyo. Angalia miaka yake ya mwisho kuliko ya ujana: mwimbaji aliyewahi kuimba baa, kisha akaacha, akahiji au akaokoka, usimrudishe kwenye tangazo la bia kwa picha ya mwaka 1985. Kama katika faili hilo hakuna chochote kinachoelekea kwenye bidhaa yako, hiyo ni taarifa tosha, mtafute balozi aliye hai. Kama kimo, na alishawahi kuitangaza bidhaa hiyo hiyo akiwa na akili na nguvu zake, uko mahali pazuri kuliko wenzako wengi.

SWALI: Baba yetu alikuwa mwimbaji wa taarabu. Miezi mitatu baada ya kufariki, wakala alimpa baba mdogo shilingi milioni 6 naye akasaini tangazo la mwaka mzima la mtandao wa kubeti. Mama na sisi watoto watano, wawili wa kiume na watatu wa kike, hatukuulizwa. Baba hakuwahi kucheza kamari. (Binti wa marehemu, Tanga)

JIBU: Pole sana dada kwa msiba, na kwa huu wa pili. Baba mdogo ni mzazi na aheshimiwe hivyo, lakini undugu si usimamizi. Mwenye uwezo wa kusaini kwa niaba ya mirathi ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Kama hajateuliwa mtu, wakala amelipa asiyehusika. Nchini Kenya ni kosa la jinai kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka hayo, kifungu cha 45 cha Sheria ya Mirathi, faini hadi shilingi 10,000 au kifungo hadi mwaka mmoja. Msiende huko na baba mdogo. Inatosha wakala ajue mkataba wake hauna miguu.

Wiki hii fanyeni mambo mawili sambamba. La kwanza, kikao cha ukoo chenye muhtasari wa maandishi, waliohudhuria wakisaini, kikipendekeza msimamizi. Mwiteni baba mdogo na akae mbele. Mara nyingi mtu husaini akidhani anaziwahi fedha za familia zisipotee. Muhtasari huo pamoja na cheti cha kifo vinakwenda Mahakama ya Mwanzo ya eneo alilokuwa akiishi marehemu, na mkifuata sheria ya Kiislamu mlitaje hilo tangu mwanzo. Mahakama itatangaza maombi ili mwenye pingamizi ajitokeze, kwa hiyo msitarajie kumaliza kwa siku tatu.

La pili halisubiri mahakama. Andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa wakala, nakala kwa kampuni ya kubeti na kwa kila kituo kinachorusha tangazo. Isiwe ya matusi. Taja jina la marehemu na tarehe ya kifo, sema hakuna msimamizi aliyeteuliwa hadi leo, sema aliyesaini hakuwa na mamlaka, omba tangazo lisitishwe ndani ya siku 7 na mpewe nakala ya mkataba. Ambatanisheni cheti cha kifo. Nakala ya kituo cha redio ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu kituo hakipendi kuingizwa kwenye ugomvi wa mirathi kwa ajili ya tangazo la mtu mwingine, na mara nyingi hulitoa hewani kabla hata wakala hajajibu.

Zile milioni 6 zisiguswe. Mkiamua kuvunja mkataba zinarudi zote, na kiasi kilichokwisha kutumika ndicho kitakachowafunga mikono, kwa hiyo muulizeni baba mdogo mapema na kwa upole. Na siku ikija bidhaa mnayoiridhia nyote, fedha zake ni mali ya mirathi kama shamba. Tuseme ni milioni 6 hizo hizo, mnafuata sheria ya Kiislamu, madeni na gharama zimeshatolewa, na wazazi wa marehemu hawapo: mama anapata thumni, yaani moja ya nane, 750,000. Zinabaki 5,250,000, zigawanywe mafungu saba, kila fungu 750,000. Mtoto wa kiume mafungu mawili, yaani 1,500,000. Wa kike fungu moja, 750,000. Andikeni hesabu hii nyuma ya mkataba wenyewe ili pasiwe na maneno baadaye.

Mkataba wa namna hiyo utaje bidhaa moja kwa jina lake. Neno "bidhaa zote za kampuni" likatwe, maana leo ni chai na kesho ni mikopo ya simu. Utaje nchi, utaje njia (redio, runinga, mabango, mitandao), utaje tarehe ya mwisho na siku ngapi mabango yatakuwa yameshushwa baada yake. Mwezi mmoja unatosha. Wekeni orodha ya visivyoruhusiwa: pombe, tumbaku, kamari, siasa. Kila maandishi ya tangazo yaletwe kwenu kabla ya kurekodiwa, na ukimya wenu usihesabiwe kuwa kibali. Kipengele hiki cha ukimya ndicho wakala hukipigania kuliko bei. Msikiachie.

SWALI: Mtu maarufu akifariki, kampuni yetu huweka tanzia mtandaoni yenye picha yake na nembo yetu. Ni tangazo hilo? (Msimamizi wa kurasa, Mombasa)

JIBU: Inategemea jicho linatua wapi. Prince, mwanamuziki wa Marekani, alipofariki tarehe 21 Aprili 2016, kampuni ya nafaka za Cheerios, yenye makao katika jimbo alikotoka, iliweka maneno ya rambirambi kwenye rangi ya zambarau aliyopendwa nayo, na nukta ya herufi moja ikawa punje ya Cheerios. Punje moja tu. Waombolezaji waliona bidhaa imeletwa matangani, na ujumbe ukafutwa siku hiyo hiyo.

Kama marehemu hakuwa na mkataba nanyi, hakucheza kwenye timu yenu, hakufanya kazi kwenu, andikeni maneno matupu bila picha na bila nembo ya ziada. Kama alikuwa balozi wenu, picha inaruhusika ikiwa mkataba wake bado unaishi, bila bidhaa mkononi mwake, bila namba ya huduma kwa wateja, na bila kulipia ujumbe usambae. Msiwe wa kwanza kutangaza kifo. Subirini familia itangaze.

SWALI: Tuna kanda za mtangazaji wa mpira wa zamani, sasa marehemu. Mteja anataka tumtengenezee sauti yake kwa akili unde isome tangazo la betri. Kanda ni mali ya kituo chetu. Tuendelee? (Mtayarishaji wa vipindi, Kigoma)

JIBU: Kanda ni zenu, koo si lenu. Mnachoweza kufanya na kanda ni kuirusha kama ilivyo. Kuichukua sauti iseme sentensi ambayo mwenyewe hakuitamka ni jambo jipya kabisa, na linahitaji idhini mpya ya msimamizi wa mirathi. Marekani tayari sheria zimekimbilia huko: Tennessee ilitunga mwaka 2024 sheria inayoilinda sauti kwa jina, na California, kuanzia Januari 2025, imeweka fidia isiyopungua dola 10,000 kwa nakala ya kidijitali ya marehemu iliyotengenezwa bila ruhusa. Kwetu bado, na ndiyo maana uamuzi wako leo una uzito kuliko wa mwenzako wa Los Angeles.

Tuzungumze pia ufundi, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Kanda za mpira zimerekodiwa juu ya kelele za uwanja. Programu hujifunza kelele pamoja na sauti, na unachopata ni mtu anayezungumza akiwa ndani ya pipa. Ukisafisha kelele kupita kiasi, unakwangua na ile mikwaruzo ya koo iliyomtambulisha. Programu zilizofundishwa zaidi kwa Kiingereza huukosea mkazo wa Kiswahili, ambao hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na huzichanganya ng' na ng, dh na z, gh na g. Mtangazaji wa mpira pia ana mwendo wa kupanda: huanza chini, hupanda kadiri mpira unavyokaribia goli. Ukimpa sentensi tulivu ya betri, programu itaisoma kwa pumzi ya dakika ya 89. Msikilizaji aliyekua na sauti ile atajua ndani ya sekunde ya kwanza, na atahisi ametendewa vibaya kabla hajajua kwa nini.

Zipo njia tatu zisizo na jeraha. Rusheni kipande halisi cha goli, bila kukikata katikati ya sentensi, kisha mtangazaji aliye hai aseme habari za betri kwa sauti yake. Au mtumieni mwigaji, na asemwe wazi kwamba ni mwigaji. Au mwiteni mwenzake wa zamani amwelezee. Njia ya kwanza ndiyo tungeichagua: goli halisi lina nguvu kuliko sentensi yoyote ya kubuni, na marehemu anabaki akisema alichosema.

Mteja aking'ang'ania na familia ikaridhia, kila andiko lisainiwe peke yake, siyo ruhusa moja ya jumla. Mafaili ya sauti yaliyofundishwa yatajwe kwenye mkataba: yanakaa kwa nani, yanafutwa ndani ya siku 30 baada ya tangazo kwisha, na hayauzwi kampuni ikiuzwa. Msikilizaji aambiwe mwanzoni, kabla sauti haijaanza: "Sauti mtakayoisikia imeundwa kwa kompyuta kwa idhini ya familia ya marehemu." Ukiiweka mwishoni, kwa mwendo wa haraka kama masharti ya bahati nasibu, umeificha. Kwenye runinga maandishi yabaki kwenye kioo muda wote sura inapoonekana.

SWALI: Mimi ni mwigizaji, bado nina nguvu zangu namshukuru Mungu. Sitaki siku moja niuzwe kwenye tangazo nisilolijua. Ninaweza kuandika nini leo? (Mwigizaji, Dar es Salaam)

JIBU: Unaweza kuandika mengi, na mfano mzuri upo. Robin Williams, mchekeshaji wa Marekani aliyefariki tarehe 11 Agosti 2014, aliacha maandishi yaliyozuia jina, saini, picha na sura yake kutumiwa kibiashara kwa miaka 25, yaani hadi tarehe 11 Agosti 2039, na haki hizo akazikabidhi kwa taasisi ya hisani. Hakuwaachia watoto mzigo wa kukataa fedha kila mwaka. Jibu alishalitoa yeye.

Kwako, tenga karatasi mbili. Ya kwanza ni wasia wenyewe, na humo weka ibara inayojitegemea kuhusu jina, picha, sauti, saini, na nakala yoyote ya kompyuta ya sura au sauti yako. Usiandike "nisitumiwe vibaya", maana "vibaya" kila mtu ana kipimo chake. Taja bidhaa. Taja muda kwa tarehe au kwa miaka kutoka siku ya kifo. Taja watu wawili kwa majina ambao lazima wakubali wote, na wa tatu akitangulia mmoja wao. Ni vizuri mmoja awe mtu wa kazi yako, asiye na fungu katika mirathi, kwa sababu anayegawana fedha hupata shida kusema hapana. Unaweza pia kuruhusu: kama ungependa picha yako isaidie kampeni ya chanjo au damu, iandike, la sivyo warithi waoga wataizuia na hiyo.

Ya pili ni orodha ya mikataba yako yote ya sasa. Hii ndiyo watu huisahau, na ndiyo inayobatilisha ibara nzuri. Ukiwa umeshasaini leo kwamba kampuni fulani itatumia picha zako "milele na kwa njia zozote zitakazovumbuliwa", wasia hautaufuta mkataba huo. Chukua mikataba ya filamu na ya ubalozi, tafuta maneno "milele", "njia zote", "kubadilisha" na "kuunda upya", na pale muda wa kuhuisha unapofika, omba yaondolewe au yapewe tarehe.

Mashahidi wasipungue wawili, waone ukisaini, wasiwe wanufaika. Kwa wanaofuata sheria ya kimila Tanzania, mmoja awe wa ukoo na mwingine asiwe wa ukoo. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, huandika na kuhifadhi wasia, ukiuweka huko waambie watu wako wawili uko wapi na uwape nakala ya ile ibara. Kwa Mwislamu, theluthi na mafungu ya warithi hubaki kama yalivyo. Ibara ya picha inaeleza namna ya kuitumia sura yako, fedha zikipatikana zifuate mafungu. Mshirikishe kadhi au sheikh unayemwamini aipitie kabla hujasaini.

Kisha rekodi dakika mbili za video ukiisoma ibara hiyo kwa sauti, ukitaja tarehe. Video haichukui nafasi ya wasia, lakini siku wakala atakapokuja na bahasha, mwanao ataweza kuiwasha simu na kumwonyesha.